Hakuna Kiputo Kinachopotea

Kama kuna watu duniani wanaoweza kusimama mbele ya maji saa nzima wakisubiri kiputo kipasuke, basi ni wale wa chama cha wafuga samaki cha upande wa kusini wa Milwaukee. Usiwacheke. Wako wanaokesha wakitazama wanaume wakifukuza mpira, na hao hatuwaiti vichaa.

Marlys Pikulski alikuwa akiisubiri Jumamosi ile tangu theluji ya kwanza. Kila mwaka barafu ikishayeyuka, wanachama hufanya ziara ya matangi. Wanatoka nyumba hadi nyumba, mwenyeji anaonyesha alichobuni, anawalisha, nao wanamsifu mbele ya uso wake na kumsengenya wakisharudi garini. Mwaka huu nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho, na nyumba ya mwisho ndiyo huzungumzwa mpaka mwaka mwingine.

Tangi lenyewe lilikuwa la marehemu mumewe, Clem. Lilikaa sebuleni, refu kama kochi, na ndani yake, pamoja na kundi la vidagaa wa rangi na konokono wachache, aliishi Busia. Kwa Wapolandi wa mitaa ile, busia ni bibi mzaa baba au mzaa mama, na samaki yule jina lilimkaa. Alikuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea, mikanda mitatu myeusi, visharubu vifupi mdomoni, na macho ya mtu asiyetaka upuuzi. Clem alimnunua wiki aliyozaliwa mtoto wao wa pekee, Kaz, samaki akiwa hajazidi kidole gumba. Kaz akaota meno, akaota ndevu, akaoa. Busia naye akafikia urefu wa kiatu cha mwanamume.

Clem alipolazwa hospitali, kila Marlys alipoingia wodini swali la kwanza lilikuwa, "Busia amekula?" Salamu baadaye. Siku aliyokata roho aliuliza vilevile. Marlys alimjibu kwamba amekula, na akaapa kimoyomoyo kwamba samaki yule hatafia mikononi mwake. Hakuwa na kitu kingine chenye uhai kilichowahi kula kutoka mkononi mwa Clem, ukimtoa Kaz. Busia akifa, ingekuwa kama kumzika Clem mara ya pili, na mara ya pili hakuna majirani wanaokuletea chakula.

Haya ya mimea yalikuja baada ya msiba. Clem hakutaka majani tangini. "Majani ni ya saladi," alikuwa akisema. Lakini nyumba ilipokuwa kimya kupita kiasi, Marlys akaanza kupanda, leo shina, kesho shina. Ya kijani yalishika. Mekundu, aliyoyataka kuliko yote, yakawa yananyong'onyea na kuoza. Delbert Raasch, mwenyekiti wa chama na rafiki wa Clem tangu ujanani, akamwambia mimea ile ina njaa ya hewa ukaa, ile ile tunayoitoa puani, na kwamba duka lisimtoe jasho, vitu vyote viko jikoni.

Wakaanza na sukari na hamira ndani ya chupa ya soda. Hamira inakula sukari, inacheua gesi, gesi inapita kwenye mpira hadi tangini. Kutengeneza gesi si kazi. Kazi ni kuiyeyusha majini kabla haijakimbia. Delbert alichomeka kijiti cha kulia wali kwenye ncha ya mpira ili gesi itoke vipovu vidogovidogo, na nusu yake ikapanda juu na kupasuka. Akafunika kikombe cha kioo kichwa chini ili gesi inase humo, ikayeyuka kwa uvivu wa paka. Akaingiza mpira kwenye mdomo wa pampu ili mapanga yake yaikate gesi, pampu ikawa inakohoa usiku kucha na bado viputo vikavuja. Ndivyo chama kizima kilivyojua kupima: unafungua koki ya gesi mpaka uone viputo vinafika juu ya maji, hapo unajua imetosha, unarudisha kidogo. Kila kiputo kilichopasuka juu kiliwauma kama sukari iliyomwagwa mchangani.

Safari hii Delbert alikuja na kitu kipya. Bomba nene la plastiki, refu kama paja, limejazwa rola za nywele za plastiki kutoka juu hadi chini. Maji yanasukumwa kushuka, gesi inapanda, vinagongana humo katikati ya rola mpaka gesi yote inaishia majini. Hamira nayo aliitupa, akaweka chupa mbili kubwa za magadi soda na unga wa ndimu, ambavyo vikikutana vinatoa gesi kwa fujo. Na ili maji yasirukeruke na kuipotezea hewani gesi iliyoyeyuka, akalizamisha chini kabisa bomba la kurudishia maji. Uso wa tangi ukatulia tuli chini ya magugu yake ya kuelea.

"Shemeji," alisema mbele ya wageni wote, kifua mbele, "Clem angekuwepo leo angenipigia saluti."

"Clem angekupiga teke," Marlys akamjibu. "Hizo rola ni za mama yake. Kazivaa mpaka anaingia kaburini."

Watu wakacheka. Delbert akafungua koki. Wote wakainama, pua karibu ziguse kioo, wakisubiri viputo vya kwanza vitokeze juu. Havikutokeza. Akafungua zaidi. Kimya. Akafungua tena, na ule mshipa wa gesi ukawa unaingia bombani bila kukatika, na juu ya maji hapakuonekana hata punje.

"Hakuna kiputo kinachopotea!" Delbert alipiga kelele. "Hata kimoja! Mnaona? Hata kimoja, jamani!"

"We mwongo," alisema Ardis Nehls, mama mnene wa chama mwenye ulimi wa upupu, huku akizunguka upande wa pili kuhakikisha. Alirudi ameshika mdomo. "Salaale! Kweli hakuna."

"Na kipimo?" mtu akauliza. Ndani ya tangi palining'inia kikombe kidogo cha kioo chenye maji ya rangi: ya buluu gesi ni haba, ya kijani imetosha, ya njano imezidi na samaki hukosa pumzi. Delbert alikipigia jicho.

"Kijani. Kijani kama shamba la mahindi."

Ilikuwa kijani kweli. Kila mmoja pale alijua rangi ile hukawia kubadilika, tena hukawia sana. Alijua, na akapiga makofi. Marlys alipiga makofi kuliko wote. Alikuwa ameshaiona kichwani ile mimea yake ikiwaka wekundu mtupu, na Ardis akiumwa na wivu mpaka mwaka kesho.

Kwenye kona ya sebule alikuwa amesimama Yesenia, mke wa Kaz. Walioana majira ya baridi yaliyopita, na Kaz alikuwa kazini hadi jioni, kwa hiyo mkwe alikuja peke yake kusaidia kuandaa meza. Kati yake na Marlys mambo hayakuwa mabaya, ila hayakuwa matamu. Mwezi wa kwanza wa ndoa, katika kujipendekeza tu maskini, Yesenia alisafisha kioo cha tangi kwa dawa ya kusafishia madirisha. Ikabidi maji yote yabadilishwe. Tangu siku ile amri ilikuwa moja: mkono wa Yesenia usiingie mle.

"Mama," alisema sasa, kwa sauti ya chini, "huyu samaki mkubwa ana nini? Mbona amelala ubavu?"

Wakageuka wote. Busia alikuwa kando ya gogo lake, kajilaza kiubavuubavu kwenye changarawe, jicho moja juu. Na hapo sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Maana mfugaji yeyote anajua: samaki wa aina ile hulala ubavu. Hujilaza kama maiti, ukapiga mayowe, akainuka akaenda zake. Kila mmoja pale alishawahi kulizwa.

"Karibu chamani, bibi harusi!" Ardis alisema akifuta machozi. "Wangu mimi nilimviringisha kwenye gazeti, nikamsomea na sala. Nafungua pipa nimtupe, akanirukia kifuani!"

"Anaigiza huyo," Delbert akasema. "Angelipwa mshahara."

"Lakini jana hakuwa..." Yesenia alianza.

"Binti," Marlys akamkata, akitabasamu kwa ajili ya wageni, "huyo samaki nimekaa naye kabla hujazaliwa. Njooni tukale."

Yesenia akainama. Uso ulimwiva. Wengine wakamiminika jikoni kwenye soseji zilizochemshwa kwa bia na vitunguu, mkate mweusi, haradali, na vile vipande vya jibini bichi vinavyolia ukivitafuna. Yeye alibaki sebuleni. Hata Marlys aliona kwamba kabaki, akamwacha, akajisemea akishanuna atakuja.

Huko jikoni zilipigwa soga za viputo. Delbert alikuwa akieleza kwa mara ya tatu jinsi alivyozipanga rola, mdomo umejaa, ndipo kikasikika kishindo cha maji na mtu akipiga ukelele wa maumivu.

Marlys alifika wa kwanza mlangoni.

Kifuniko cha tangi kilikuwa chini. Yesenia alikuwa amelowa hadi mabegani, nywele zimemganda usoni, na mikononi mwake, nje ya maji, Busia alikuwa akitikisa mkia kwa ulegevu. Damu ilikuwa ikitiririka kiganjani mwa yule binti na kudondoka juu ya zulia. Samaki yule ana mwiba chini ya jicho, huutoa akitishwa, na alikuwa ameuzamisha wote kwenye nyama ya kidole gumba. Yesenia hakumwachia. Alipiga magoti na kumtumbukiza kwenye ndoo ya maji yaliyotekwa jana, yaliyoachwa yapate uvuguvugu wa sebule kwa ajili ya kubadilisha ya tangi kesho.

"Yesu na Maria!" Ardis akapaza sauti.

"Unafanya nini?" Marlys alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kali, ngeni. "Unafanya nini, we mwendawazimu? Unamuua! Unamuua samaki wangu!"

"Alikuwa hapumui, Mama! Nimemwangalia muda wote, mashavu hayachezi. Nimeita, mlikuwa mnacheka, hamkunisikia..."

"Analala! Si tumekwambia analala?"

"Tazama ndoo! Ona sasa hivi anapumua, ona mwenyewe!"

Marlys akatazama. Kweli, ndani ya ndoo mashavu ya Busia yalikuwa yakifunguka na kufunga, kwa nguvu, kwa haraka. Akaliona hilo kwa macho yake mawili. Na akili ya hasira ikamwambia: si huyo mzima? Angekuwa na hitilafu angekuwa anahema hivyo? Yu mzima kama siku zote, na huyu mtoto amemtoa usingizini na kumtia kwenye ndoo ya plastiki mbele ya chama kizima.

"Dawa ya madirisha haikukutosha," alisema. "Miaka yote hii mume wangu amemlea, wewe uje na ujinga wako umwue kwa siku moja. Kaz alikutoa wapi wewe?"

Neno likishatoka halirudi. Delbert akakohoa. Yesenia aliendelea kupiga magoti pale, ameukumbatia mdomo wa ndoo kwa mikono miwili, damu ikiingia majini.

"Usimrudishe, Mama. Nakuomba. Ngoja hata kidogo tu."

"Ondoka."

Hakuondoka. Marlys akamsukuma begani, akachota samaki kwa mikono yake miwili, kwa ustadi, kwa upendo, asimguse mwiba, kama Clem alivyomfundisha. Akapenyeza mikono katikati ya magugu ya kuelea, akamteremsha polepole hadi kwenye gogo lake. Busia akaogelea hatua chache, akazunguka, akajilaza ubavu.

"Si mnaona?" Delbert alisema, kicheko cha kuondoa aibu kikimtoka. "Keshajilaza zake. Kazoea nyumbani."

Wawili watatu wakacheka naye. Marlys alikuwa akitafuta taulo, akitunga maneno ya kuwaomba radhi wageni kwa vurugu ya mkwe wake. Ardis ndiye aliyebaki ameinama mbele ya kioo.

"Delbert," alisema. Ulimi wake wa upupu ulikuwa umekauka. "Delbert, njoo."

Kutoka chini ya magugu ya kuelea kilikuwa kikishuka kidagaa kimoja chekundu na buluu, kinapinduka taratibu kama jani. Kikafuata kingine. Kisha wakaanza kushuka wengi. Ardis akatia mkono akayapangua magugu, na hapo wote wakaona yaliyokuwa yamejificha: kundi zima la vidagaa limebanana juu kabisa, midomo nje ya maji, wakitweta kwa kugombea hewa. Walikuwa hapo muda wote watu wakila soseji. Magugu yalikuwa yamewafunika.

"Kipimo," Marlys alisema. "Kipimo kinasemaje?"

Kile kikombe kidogo kilikuwa kimeanza kugeuka. Kilikuwa na rangi ya haradali.

Delbert aliganda. Nasema aliganda, mtu mzima yule, mwenyekiti, mkono hewani. Koki ilikuwa wazi kama alivyoiacha, gesi inaingia bila kukatika, na bomba lake zuri linaila yote, yote, hakuna kinachopotea. Walikuwa wamekaa wakisubiri viputo viwaambie imetosha, na walikuwa wametengeneza chombo kisichotoa viputo. Maskini, hakuna hata mmoja aliyekuwa amelifikiria hilo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee walisema. Basi mgeni alikuja, wakamcheka.

"Funga!" Yesenia ndiye aliyepiga kelele. "Funga hicho kitu!"

Ndipo wakazinduka. Delbert aling'oa mpira mzima. Ardis alikamata bomba la maji akaliinua juu yaanguke kwa kishindo na kuingiza hewa. Watu wakakimbilia jikoni, wakarudi na majagi, masufuria, bakuli la saladi, wakachota maji na kuyamwaga tena kutoka juu, sebule nzima ikawa bwawa. Yesenia alichota kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa kitambaa cha meza.

Marlys hakuchota. Alikuwa ameingiza mikono tangini hadi kwapani, akimshika Busia, akimsogeza mbele na nyuma, mbele na nyuma, ili maji yapite mashavuni. "Haya mama," alikuwa akimwambia. "Haya, inatosha sasa. Inuka. Umetutisha, tumetishika, inuka basi." Akamtoa, akamrudisha kwenye ile ndoo. Akaendelea kumsogeza humo ndani. Mwiba ulikuwa umerudi mahali pake chini ya jicho. Samaki hakuwa na haja nao tena.

Vidagaa waliinuka, mmoja mmoja, wengi wao. Konokono wakatoka. Baada ya muda mrefu Delbert alipiga magoti kando yake na kumgusa kiwiko.

"Shemeji," alisema. "Mwache sasa."

"Mashavu yamecheza."

"Ni maji, Marlys. Ni wewe unamtikisa."

Akamwacha. Busia akalala ubavu chini ya ndoo, na safari hii hakuna aliyecheka. Marlys alikaa sakafuni ndani ya maji, gauni limemlowa, akayatazama yale majani mekundu. Mapovu madogo sana yalikuwa yamejaa juu ya kila jani, yanang'aa. Mimea ilikuwa imeshiba. Hakuwahi kuiona mizuri vile, na akatamani kuing'oa yote kwa meno.

Kaz aliingia jioni ile na boksi la keki mkononi, akawakuta wageni wamesimama na masufuria, zulia limeloa, mama yake chini, mke wake na kitambaa chenye damu. Akaitazama ndoo. Boksi likamponyoka.

"Nini? Kumetokea nini hapa?"

Delbert alitazama viatu vyake. Basi Yesenia akasimama, akamwendea mumewe, akamshika mkono kwa ule wake mzima.

"Gesi ilizidi, Kaz," alisema. "Chombo kilikuwa kipya, hakuna aliyejua. Sote tulikuwa jikoni tunakula. Tulipokuja tukakuta kashakwisha. Si kosa la mtu."

Marlys aliinua kichwa. Katika yote yaliyomfika siku ile hakuna lililompiga kama hili. Binti aliyemwita mwendawazimu, aliyemwuliza ametolewa wapi, alikuwa amesimama pale na kidole kilichochomwa, anamdanganya mumewe kwa ajili yake. Na watu wote wanatingisha vichwa polepole, ndiyo, ndiyo, si kosa la mtu, mlango wa kujitoa lawamani umeshafunguliwa, kilichobaki ni yeye Marlys kupita tu.

"Anakudanganya mkeo," alisema.

"Mama, basi," Yesenia akamsihi. "Basi."

"Hakuwa jikoni, Kaz. Alikuwa hapa. Alituambia tukamcheka. Akamtoa peke yake, akachomwa mpaka mfupani, akamweka kwenye hii ndoo, na Busia akapumua. Nilimwona. Alikuwa anahema vizuri kabisa, mzima, yuko salama."

Kaz alimtazama mama yake, akaitazama ndoo, akarudi kwa mama yake. Alikuwa haelewi.

"Sasa kama alikuwa mzima, Mama, ikawaje?"

"Nikamrudisha."

"Ukamrudisha wapi?"

"Mle," Marlys alisema, akaielekeza mikono yake iliyolowa kwenye tangi. "Mkeo akinipigia magoti nisimrudishe, nikamrudisha mle."